Laini Niliyoishona kwa Uzi Mwekundu

Nyumba ya Bati la Kijani,
Nyuma ya Ghala la Magunia.
Tarehe 3 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Spana,

Nakusalimu kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyekuvusha mipaka mingi kuliko ukoo wetu mzima ukijumlishwa. Hujambo wewe? Kifua hakikubani na hiyo baridi? Na hayo matanuri ya mikate unayozunguka kuyatengeneza, yamekuachia nyusi safari hii au yamezila tena? Sisi huku hatujambo, ila mama ana macho yake, mimi nina magoti yangu, na shemeji yako ana ubishi wake, ambao hata hospitali hawaupokei.

Kabla hujaendelea kusoma, rudi kwenye bahasha. Nimeishona kwa uzi mwekundu, ule ninaotia alama nguo za wateja, mishono kumi na moja. Ihesabu. Kama haifiki kumi na moja, basi kuna mtu ameisoma barua hii kabla yako, na huyo mtu namwambia hapa hapa: Mungu anakuona, na mimi nakutafuta.

Usinicheke. Unajua kazi yangu. Miaka ishirini na miwili ya udobi, kila siku napekua mifuko ya watu kabla ya kuloweka nguo. Nimekuta humo meno ya bandia, risiti za hoteli, na barua ambazo wenyewe waliapa hawakuziandika. Mkono uliozoea kupekua haupumziki hata mbele ya suruali ya mtu wa dini. Ndiyo maana yaliyotokea yalitokea, na ndiyo maana nakuandikia karatasi kama watu wa zamani. Simu imenifedhehesha.

Nianze na lawama zako kwanza, halafu nije kwenye zangu, maana zangu ni nzito zaidi.

Wewe kila nchi laini mpya. Mwezi huu namba inaanza hivi, mwezi ujao vile. Nikihifadhi "Spana", nahifadhi tena "Spana Mpya", halafu "Spana Mpya Kabisa", mpaka nikafika "Spana wa Mwisho", na bado hukuwa wa mwisho. Ile laini yako ya nyumbani, ambayo mama anaijua kwa moyo, uliiacha kwenye droo ya hoteli gani sijui. Lakini sisi huku hatukujua umeiacha. Kila alfajiri anashika simu, nambonyezea kitufe, naye anakutumia ujumbe wa sauti: anakuombea njia, anakuombea mikono isiungue, anakuombea mke.

Na kila alfajiri jibu lilikuwa linakuja. "Amina mama." Maneno mawili tu, miezi minne mfululizo. Mimi nikajua ni wewe, umebanwa na kazi. Nikafurahi hata, nikasema afadhali kijana ameanza kuamka mapema.

Sasa wiki tatu zilizopita, Jumanne saa tano asubuhi, nipo chumbani kwa mama nakunja mashuka, ikaingia simu ya namba ya nje nisiyoijua. Sauti kama yako, lakini inakatika katika kama mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa. "Dada, nimempatia mama nafasi kwa daktari wa macho huku. Tarehe ishirini na tisa mwezi wa tatu. Nipigie picha pasi yake ya kusafiria unitumie leo leo, wanafunga orodha."

Spana, nilidondosha shuka. Wiki moja tu kabla, baada ya ibada, walituletea mwalimu wa kompyuta kutuonya. Alisema wezi siku hizi wanaiga sauti ya mtu wako mpaka kikohozi. Alisema wataomba karatasi za mzee wako, na watakuharakisha. Na huyu alikuwa na vyote: namba ngeni, sauti yako, pasi ya mama, na haraka. Zaidi ya hapo, mimi najua ndugu yangu yuko kwenye laini yake ya zamani, asubuhi ile ile ameitikia "Amina mama".

Nikasema huyu namnasa. Nikaweka spika nikamwuliza swali ambalo jibu lake hakuna anayelijua ila mimi na wewe. Mama nilidhani amelala, kajifunika gubi gubi. Nikauliza, "Kama wewe ni ndugu yangu kweli, nani alivunja kioo cha kabati la mama?"

Kimya. Mama akakohoa kidogo usingizini. Bado kimya. Nasikia tu pumzi na mlio wa magari. Halafu simu ikakatika.

Mwizi akibanwa hukata simu, ndivyo nilivyowaza. Nikatuma ujumbe wa sauti ambao leo nikiukumbuka nauma shuka. Nilikuita mwana wa giza. Nilikuambia mama aliyekuzaa hakukufunza adabu, na mama huyo alikuwa hatua mbili kutoka nilipokaa. Nikaizuia ile namba, nikaifuta kabisa isije ikaichafua simu yangu. Nikapiga goti nikamshukuru Mungu kwa kunipa macho makali.

Halafu, kwa kiherehere changu, nikaandika kwenye ile laini yako ya zamani: "Mdogo wangu, kuna tapeli anajifanya wewe, ameomba pasi ya mama, nimempa dozi yake."

Kutwa nzima hakuna jibu. Kesho yake alfajiri hata "Amina" haikuja. Mchana ndipo ikaingia: "Dada, naomba unisamehe. Mimi siye ndugu yako. Laini hii niliinunua dukani. Nilishindwa kumwambia mama."

Nilikaa chini juu ya beseni la nguo mbichi. Shemeji yako akaniuliza nani kafariki.

Unadhani niliamini? Hata! Nilisema hawa ni wezi wawili wanashirikiana. Nikamwambia huyo wa "Amina" kama ni mtu wa kweli tukutane saa sita mchana mbele ya duka la simu, mahali penye watu, na shemeji yako alibeba pasi ya umeme, ile nzito ya dukani, ndani ya mfuko. Akaja mtu mzima wa makamo, nywele zimejaa pamba ya magodoro. Ni fundi makochi. Amejiinamia kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Tukaingia wote dukani. Dada wa kaunta, mwenye kucha za kijani, akabofya bofya akasema, "Mama, laini hii si ya ndugu yako tena."

"Ni ya nani?"

"Ya mteja."

"Na ndugu yangu alikuwa nani, mpita njia?"

Akacheka, akanieleza. Kumbe laini isipotiwa vocha wala kutumika kwa muda mrefu, kampuni wanaichukua, wanaiuza tena kwa mtu mwingine na namba yake ile ile. Yaani jina lako hapa nyumbani liliuzwa dukani, na sisi tunaliombea.

Nikamgeukia yule fundi. "Na wewe, ulikuwa unaitikia sala za watu kwa kibali cha nani?"

Akasema, "Dada, siku ya kwanza nilitaka kusema si mimi. Lakini ujumbe ulikuwa umeshaanza na 'mwanangu'. Miaka tisa sijaitwa hivyo."

Shemeji yako, mtu wa ubishi, aliuweka mfuko wenye pasi chini taratibu.

Basi nikabaki na wewe. Namba yako nimeifuta, zile za zamani zote hazipatikani, na bila shaka umeshavuka mpaka mwingine na ile laini umeitupa kama kawaida yako. Ofisi yenu nilipiga, ikajibu mashine kwa lugha ambayo hata Mungu sijui kama anaisikiliza haraka hivyo. Kilichobaki ni anwani hii ya karakana yenu kuu, uliyomwachia mama kwenye kalenda. Ndiyo nimeifuata.

Sasa sikiliza mpango wangu, maana huyu dada wa kucha za kijani nilimkalisha saa nzima na wateja wengine wakanuna. Niliandika kwenye daftari la nguo za wateja.

Ndani ya ukurasa wa mwisho wa barua hii nimeshona kijimfuko cha kitambaa cha shuka. Humo kuna laini mpya. Niliinunua mwenyewe na kuisajili kwa jina langu, na huduma ya kuifanya ishike nje ya nchi nimeshawashiwa hapa hapa dukani, maana alisema ukishavuka mpaka wakati mwingine haiwashiki. Namba yake haijui mtu duniani ila mimi. Wala mama sijamwambia, wala shemeji yako, na ananisumbua. Kwa hiyo simu ikiingia kwa namba hiyo, ni mtu aliyepokea bahasha hii na kuhesabu mishono.

Simu yako, nakumbuka, inameza laini mbili. Hii yangu ikae tundu la kwanza na isitoke, hata ukienda mwezini. Ni ya kupokea sauti ya mama na kupiga tu. Data yake izime, usisahau, maana nje ya nchi inakula salio kama nondo kwenye sweta. Unalala tajiri unaamka huna hata la kubipu. Tundu la pili ndiyo uwe unabadilisha laini za huko unakokwenda, na bando lote nunua kwenye hiyo. Alisema pia yapo mabando ya nchi kadhaa kwa pamoja, ukinunua moja hukatiki ukivuka. Uliza kabla ya safari, usisubiri uko mpakani. Na zile programu zinazojifungua zenyewe kwa nyuma zizime, maana ndizo zinazokula bando wewe ukidhani ni maneno ya dada yako.

Na pasi za watu usiombe wala usitume ukiwa kwenye waifai ya bure ya stesheni. Hilo hakuniambia yeye, hilo ni langu. Cha bure kina mwenyewe.

Vocha ya laini hii nitaitia mimi kila mwezi, siku ninayolipa maji, ili wasiiuze tena. Wewe kazi yako ni kutoitupa tu.

Nakala ya pasi ya mama nimeikunja humu. Nimeandika juu yake kwa kalamu "ya daktari wa macho tu", ili mwingine asiitumie. Tarehe ishirini na tisa haijapita, lakini inakuja mbio. Jicho la kushoto sasa anaona mwanga tu. Juzi aliliamkia koti langu lililoning'inia mlangoni, na alipogundua akacheka, lakini mimi nilitoka nje. Kama orodha wameshaifunga, waombe, wapigie magoti kwa niaba yangu. Waambie kosa ni la dobi mmoja mwenye mikono inayopekua. Nikijua kwamba mama amekosa macho kwa sababu ya macho yangu makali, sijui nitasali kwa maneno gani.

Nilimweleza mama yote juzi. Nilianza na habari ya fundi makochi, nikiogopa ataumia. Akasema, "Nilijua siku ya kwanza. Mwanangu mimi hajawahi kuamka alfajiri."

Nikamwuliza, "Mbona hukusema, mama?"

"Alikuwa anaitikia," akasema. "Ninyi watatu wengine hamuitikii." Basi tangu siku hiyo anamtumia fundi ujumbe wake peke yake, anamwombea mgongo. Nimemzuia, hazuiliki.

Halafu nikamweleza habari ya ile simu, ya swali langu na kimya chako. Spana, nilidhani alikuwa amelala. Akanishika mkono kwanza, akautafuta mpaka akaupata. Akasema, "Kioo ulivunja wewe. Nilikuona kupitia dirishani. Huyu mdogo wako nilimuuliza mara tatu, akanyamaza, akala fimbo zako. Na safari hii umemuuliza nikiwa nasikia, akanyamaza tena. Nilitaka kukuambia ni yeye, ukawa umeshaanza kumtukana."

Miaka thelathini na tano, mdogo wangu. Nakiri kwa mkono wangu: kioo nilivunja mimi, kwa ufagio, nikicheza mbele yake. Sijui siku ile simu ilikatwa na bando kuisha au uliikata mwenyewe. Sitakuuliza.

Shemeji yako anakusalimu, anasema ukija umletee spana ya kweli, ile uliyomwachia imeshika kutu. Dada yetu wa kati na wanawe wanakusalimu. Fundi makochi naye, bado namtazama kwa jicho moja, lakini amesema akusalimu, anakuita ndugu. Mama hakusalimu kwa barua. Anasema yeye na wewe mna njia yenu.

Mungu akufunike barabarani, akulinde na moto wa matanuri, na akuzimie hasira zako juu yangu kabla barua hii haijafika. Ukiiweka hiyo laini, piga. Sitakuuliza swali la siri tena. Ukisikia nimepokea, nyamaza kidogo tu. Nitajua ni wewe.

Wako akupendaye, aliyekutukana akikutafuta,

Dada yako mkubwa, Dobi.