Kura ya Ijumaa

Takaoka, 14 Mei 2003

Mdogo wangu Mitsue,

Habari za Osaka? Goti lako limepoa? Sisi huku wazima, ila shemeji yako bado anakohoa moshi wa kiwandani na hataki hata kusikia neno daktari. Mashamba ya mpunga yamejaa maji, vyura hawatuachi tulale.

Nisizunguke. Ulimpeleka mwanangu kutazama nini? Nilikukabidhi Chigusa likizoni umtembeze, umnunulie nguo. Amerudi hasemi. Anakula nusu bakuli ya wali, anapanda juu, anafunga mlango. Nilipombana ndipo akanitajia hiyo filamu ya watoto wanaouana. Mitsue! Mtoto ana miaka kumi na minne! Na Ijumaa iliyopita mwalimu kapiga simu: Chigusa kasimama katikati ya darasa, kawafokea wenzake mpaka kipindi kikavunjika. Chigusa huyu huyu, ambaye nikimwita huitika kwa kunong'ona.

Nijibu. Na usinichekeshe.

Dada yako,
Yasuko

Osaka, 19 Mei 2003

Dada Yasuko,

Nakusalimu wewe na shemeji, na ninamwombea kifua chake. Goti langu halijambo, mpaka nikutane na ngazi za kituo cha treni.

Ni kweli nilimpeleka. Mlangoni nikasema ametimiza kumi na tano, maana chini ya hapo hawaruhusu, ingawa filamu yenyewe imetengenezwa kwa ajili ya vijana. Aliniomba sana. Alisema darasani kwao hakuna mazungumzo mengine.

Ni hadithi ya mji uliozungushiwa ukuta. Chakula hakitoshi, basi kila Ijumaa wanafunzi wa darasa moja wanapiga kura nani atolewe nje ya lango, na nje kuna watu wenye bunduki. Damu ni ya rangi tu, dada, inaruka kama mchuzi wa nyanya. Vijana ukumbini walikuwa wanapiga miluzi. Mmoja nyuma yetu akapaza sauti, "Mtoeni huyo mnene!" na watu wote wakaangua kicheko. Hata mimi. Chigusa hakucheka. Nilidhani anaogopa.

Baadaye tukiwa tunakula tambi akaniuliza, "Mama mdogo, wewe ungempigia nani kura?" Nikamwambia, "Bosi wangu, tena mara mbili!" Akatabasamu, akainamia bakuli lake.

Ni filamu tu. Mpe muda.

Mdogo wako,
Mitsue

Takaoka, 2 Juni 2003

Mitsue,

Natumaini u mzima. Mvua za huku zimeanza.

"Ni filamu tu," unasema. Basi sikia matunda yake. Nimelazimika kumpeleka Chigusa shuleni akawaombe radhi wenzake mbele ya darasa zima. Mlangoni aling'ang'ania mkono wangu: "Mama, hujui kitu. Usinifanyie hivi." Nikamuuliza, "Anayejua nani, wewe au mwalimu?" Akasimama kule mbele kama gogo, hainami. Nikamshika kisogo, nikamwinamisha mwenyewe.

Tena nimezunguka na wazazi wenzangu kukusanya saini, na mwenye ukumbi wa hapa amekubali kutoileta hiyo filamu. Mimi sijaiona na sitaiona.

Usimpigie Chigusa simu mpaka nikuambie.

Yasuko

Osaka, 25 Juni 2003

Dada yangu,

Hamjambo huko? Hii ni barua ya pili tangu ile yako ya mwanzo wa Juni, ile ya kwanza hukuijibu. Sigombani nawe. Kumdanganya yule wa mlangoni lilikuwa kosa langu, na nimeinama peke yangu hapa jikoni kukuomba radhi.

Nauliza jambo moja tu, maana linaninyima raha. Siku ile Chigusa alipowafokea wenzake, alisema nini? Uliwahi kumuuliza? Mimi sikumuuliza kwa nini alitaka kujua kura yangu. Nilifanya mzaha nikaagiza chai.

Mdogo wako,
Mitsue

Takaoka, 3 Agosti 2003

Mdogo wangu mpenzi,

Usinihesabie ukimya wangu. Afya tunazo. Mengine sijui nianzie wapi.

Wiki iliyopita nilikuwa dukani kwa muuza samaki. Mama mmoja akanijia, akaniinamia mpaka mfuko wake ukagusa sakafu. Ni mama yake Mihoko, msichana wa darasa la Chigusa. Akaniambia, "Mwanao ndiye pekee aliyekaa na mwanangu. Sijui nikushukuruje."

Mitsue, tangu Aprili watoto wale walikuwa wakiigiza darasani mchezo wa ile filamu. Kila Ijumaa wanapitisha vikaratasi, wanachagua mtu wa kutosemeshwa wiki nzima, na kila mara ni Mihoko. Chigusa aliporudi kutoka kwako aliinuka akawaambia, "Leo hapigi mtu kura!" Ndiyo hayo makelele niliyopigiwa simu. Nami nikaenda kumwinamisha mbele yao hao hao. Tangu siku hiyo na yeye hasemeshwi. Mihoko aliacha kabisa kwenda shule, na sasa wanahamia Nagoya.

Nikaenda kuitazama. Ilibidi nipande treni mpaka Kanazawa, maana hapa kwetu niliizuia mwenyewe. Haikunipendeza, na bado sioni haja ya damu yote ile. Vijana walipiga miluzi kama ulivyosema. Lakini msichana mmoja kwenye filamu alipokataa kupiga kura, akachana karatasi yake, ukumbi ulinyamaza. Kijana wa kiti cha pili kutoka kwangu akajifunika uso kwa kofia ya shule, mabega yanatikisika.

Nilipofika nyumbani nikapiga magoti mbele ya Chigusa. Akasema, "Usiniombe mimi, mama. Kabla ya Osaka na mimi nilikuwa namwandika Mihoko. Kila Ijumaa."

Tukaenda kwao Mihoko pamoja. Mama yake akatufungulia huku anatabasamu, vikombe vya chai tayari. Chigusa akamwambia hayo pale pale mlangoni, hajavua hata viatu. Yule mama hakumkemea. Akasema, "Asante kwa kuja," akafunga mlango polepole. Tulisimama nje tukisikia mtu anashuka ngazi ndani, halafu anapanda tena.

Dada yako,
Yasuko

Osaka, 9 Agosti 2003

Dada,

Nimeisoma nikiwa kazini, nikaomba ruhusa niende nyumbani. Kile kijitabasamu kilinipita mbele ya macho. Mtoto alikuwa ananiambia, nami nikamchekea.

Kama atataka kubadilisha shule, chumba cha nyuma kipo. Muulize mwenyewe. Usimwamulie.

Mdogo wako,
Mitsue

Takaoka, 27 Agosti 2003

Mitsue,

Salamu za shemeji yako, ambaye hatimaye amekwenda kwa daktari. Joto bado kali, ila nyenje wamepunguza kelele.

Nilimuuliza. Alijibu kabla sijamaliza swali: anakuja kwako. Sikujua kwamba nitaumia hivi. Atafika Jumapili kwa treni ya mchana. Hali mayai yaliyoiva sana, na asubuhi usimsemeshe mpaka anywe chai.

Jana nilipokuwa nakunja nguo zake nilimuuliza kama ataniandikia. Akachukua shati mkononi mwangu, akalikunja mwenyewe, akasema, "Sijui, mama. Nitajaribu."

Mpokee vizuri.

Dada yako,
Yasuko