Jibu la Swali Lako, Baba

Shikamoo, Baba.

Najua marahaba haitarudi, ila mkono umezoea kuanza hivyo.

Nimelitafuta lile neno. Nimekaa kwenye benchi lako hapa Ng'ambo, simu mkononi, na zile ringi za baiskeli ulizokuwa hujamaliza kunyoosha bado zinaning'inia ukutani. Imenichukua dakika mbili. Dakika mbili, Baba! Na wewe uliniuliza tangu masika ya mwaka juzi: "Mwalimu, hawa Waingereza 'carry' yao waliitoa wapi?" Ulitaka kujua kwa ajili ya babu yako, aliyebeba pembe za ndovu begani kutoka huku Unyanyembe hadi pwani. Kila mara nikajibu, nitakuangalizia. Kufundisha Kiingereza ndiyo kazi yangu, lakini niliona ni maswali ya mzee aliyekosa wateja.

Halafu ulivyokuwa ukiwacheka! Mtoto, mzigo, maradhi, vyote neno lao ni hilo hilo. "Sisi mtoto tunampakata, mtungi tunajitwika. Wao wavivu." Nami nasahihisha madaftari, hata uso siinui. Hilo linaniuma kuliko yote.

Sasa sikia. Walilichukua kwa Wafaransa wa zamani, nao wakalipata kwenye Kilatini, na huko nyuma lilitokana na jina la gari la kukokotwa. Kubeba kwao kulianza kwa kupakia kwenye magurudumu. Gurudumu, Baba! Kitu ulichokishika maisha yako yote. Ungecheka mpaka ukohoe, kisha ungemsimulia kila mwenye pancha.

Siku tuliyokupeleka Ntalikwa kukuzika, gari lilikwama kwenye tope. Wanaume wakakushusha, wakakuweka begani, wakapokezana hadi kaburini. Nilitembea nyuma yao nikijua ungekuwa na la kusema hapo, ila sikujua lipi. Leo nalijua: gurudumu lao limegoma, bega limebeba. Na hakuna wa kucheka naye.

Nisamehe. Nimekuta daftari lako chini ya boksi la spoku. Umeandika swali, na chini yake: "Mwalimu ataleta jibu." Kisha ukaniachia ukurasa mzima.

Nimeujaza, Baba, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Na mtoto yeyote akiniuliza neno darasani, nakuahidi, sitamwambia "nitakuangalizia." Nitaliangalia pale pale, naye akiwa bado amesimama.

Pumzika.

Mwalimu wako.