Laini ya Mama Bado Inahesabiwa

Mdogo wangu Kibonge,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi na watoto. Kikohozi cha kitinda mimba kimepoa? Mimi mwili mzima, ila usingizi umenikimbia.

Barua yako nimeipata. Unasema baba amegoma kwenda kupasuliwa macho, na daktari ameshaonya kwamba mwezi huu ukipita ndiyo basi, hataona tena. Eti hataki kubanduka kando ya ile simu kuukuu ya mama, ambayo isipochomekwa ukutani haiwaki, kwa sababu mama alimpigia na akaahidi kupiga tena. Ukaniuliza, kwa mzaha wako ule ule, kama siku hizi kampuni yetu ina mnara ahera. Nilicheka, halafu nikajikuta nalia.

Kazi yangu unaijua, ingawa wewe huiita uganga. Nakadiria wateja: mtandao mpya ukiwashwa watahamia wangapi, washindani wakishusha bei watatukimbia wangapi. Laini ikikaa miezi mitatu haipigi wala haipigiwi, inafutwa, namba anapewa mtu mwingine. Basi tangu tumzike mama nimekuwa nikiipigia laini yake ili ibaki kwenye hesabu. Naiacha iite kidogo, nakata. Nilidhani inaita chumba kitupu.

Juzi mkuu wangu akataka kujua mtandao wa zamani uzimwe lini. Nikapiga hesabu, nikamwambia mwisho wa mwezi huu, waliobaki humo ni wachache mno. Akanisifu mbele ya watu. Simu ya mama haishiki mtandao mwingine, na kuhamishia laini mtandao mpya wanataka alama ya kidole cha mwenyewe. Wallahi sikumkumbuka mama hata chembe wakati nasema vile. Sasa kila nikifungua jedwali langu namwona humo, kati ya wale wachache mno.

Nikwambie sasa kwa nini naandika badala ya kupiga. Mwezi uliopita simu ile ilipokelewa. Nikasema haloo, nikasikia pumzi za baba, kisha akauliza polepole kama nimefika salama. Unajua sauti yangu na ya mama watu hawazitofautishi, hata wewe ulikuwa ukidanganyika. Ningesema, baba, ni mimi. Badala yake nikamjibu kwamba nimefika, asiwe na wasiwasi, nitapiga tena. Jibu lilitoka kinywani mwangu, nami nikalisikiliza kama la mtu mwingine.

Usimwambie kitu. Nakuja kabla mtandao haujazimwa. Nitakaa pale kitandani kwake nimwambie kwamba aliyepiga ni mimi, na kwamba simu hiyo haitaita tena. Akitaka kunilaani na anilaani, mradi tuwe njiani kwenda hospitali. Ila wewe usitoke chumbani, maana naogopa nikimwamkia tu ataniita kwa jina la mama.

Nibusie watoto. Simu usinipigie, siku hizi ikiita naruka.

Ni mimi dada yako,
mwenye sauti ya mama.