Tarehe Uliyonitajia

Bigwa,
Jumapili.

Dada yangu Mwanaasha,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji Mansuri na mama mkwe wako. Sisi hatujambo, ila mvua haijatupa nafasi na mihogo imeanza kuoza shambani. Mwili wangu mzima; roho ndiyo haijatulia. Sikupiga simu kwa sababu simu yako hapo Matombo inapokewa na nyumba nzima, na maneno haya ni yako peke yako. Mama Shadya anayeshusha ndizi mjini ameniahidi kukupa mkononi.

Kazi yetu ya utafiti inaendelea. Tunapima mimba changa kwa ultrasaundi ili tujue mtoto mzima wa huku kwetu anakuaje, wiki kwa wiki, mpaka miezi mitatu. Kila kitu kinaanzia tarehe ya mwisho ya hedhi. Ikikosewa hiyo, vipimo vyote havina maana. Na wanawake wetu wanatuchosha, dada. Juzi mmoja alitaja tarehe mbili, moja kwa muuguzi na nyingine kwangu, na uso mkavu kabisa. Nasra, mwenzangu kazini, alicheka akasema mficha uchi hazai. Mimi sikucheka, maana bibi alitulea hivyohivyo: ukiulizwa mimba, taja mwezi usio wake, wenye macho mabaya wapotee njia.

Sasa nisikilize, na kama umesimama, kaa kwanza.

Siku ile uliposhuka kupimwa, baada ya miaka kumi na mmoja ya kungoja, ulinitajia tarehe iliyofanya mimba iwe ya wiki tisa. Kwa wiki tisa nilipaswa kumwona mtoto na moyo wake ukipiga. Sikumwona, dada. Niliona kifuko cha mimba tu, kidogo, cha wiki tano hivi. Uliponiuliza, nilikwambia mtoto mzima, moyo unapiga vizuri. Ukalia kwa furaha ukanishika mkono, nami nikaandika kwenye fomu kile nilichokwambia. Nimepima mamia ya wanawake na sijawahi kufanya hivyo. Kwako nilishindwa.

Jana nimemweleza Daktari Usha, msimamizi wetu. Alinikaripia, na nilistahili. Kisha akasema kifuko kile kinaweza kuwa mimba iliyokwama, isiyokua tena, au mimba nzima kabisa ambayo umri wake umetajwa vibaya, na bila kupima tena hakuna ajuaye. Anakusubiri Jumanne asubuhi, na atakupima yeye mwenyewe. Ukiona damu au maumivu kabla ya hapo, usingoje Jumanne, nenda zahanati siku hiyohiyo.

Nimekosa usingizi nikiipigia hesabu ile tarehe. Mwezi mmoja tu ukipungua, kila nilichokiona kinakuwa sawasawa. Najua mimi ni mdogo wako, lakini siku ile nilivaa koti jeupe na Nasra alikuwa pembeni, mtu usiyemjua. Kama ulifuata mafunzo ya bibi, sitakasirika hata kidogo. Na kama ulisema kweli, njoo vilevile, usibaki na jambo hili peke yako huko mlimani.

Msalimie shemeji, mengine usimwambie bado. Mama Shadya atangoja jibu lako. Andika neno moja tu, dada: niambie kwamba ulinidanganya.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mwanvita