Keria ya Mbele

Ruiru, Jumamosi jioni, 1956

Bado naiona ile drili ya mkono. Fundi Otieno alikuwa ameshaiweka kwenye foko, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele la baiskeli, tayari kutoboa mashimo ya kufungia keria ya mizigo. Nikamshika mkono.

"Usitoboe! Foko ni bomba, ndani ni tupu. Ukiitoboa itavunjika."

"Mzee, nimetoboa nyingi."

Labda. Lakini mimi nilimwokota mpeleka maziwa pale mteremkoni, foko yake imekatika kwenye tundu, uso wote damu. Na Jumatatu nampeleka mke wangu hospitali ya Thika akajifungue. Atakaa nyuma, kwa hivyo blanketi na sufuria lazima zikae mbele.

Otieno alinuna, kisha akakunja vipande vya chuma kuzunguka foko, akatandika mpira wa tyubu chini yake, akaifungia keria hapo kwa nati. Hakuna tundu hata moja.

Nimeijaribu keria kwa nusu gunia la mahindi hadi mtoni. Kipande kimoja kiliteleza kidogo kuelekea kwenye spoku za gurudumu. Tumekikaza tena, sasa kimeshika. Nadhani kimeshika.

Nyumbani nikamweleza mke wangu yote, chakula kiko mbele yangu sijakigusa. Akasikiliza huku ameshika kiuno.

"Baba Njeri, kwenye miteremko nitashuka nitembee."

Nilitaka kubisha, nimwambie keria ni imara. Mdomo ukasema, "Shuka, Mama Njeri. Mimi nitaisukuma baiskeli."

Ndipo nikaweza kula.