Bale Samaki Sitabapika

Makomeno, Élisabethville
Tarehe 20, mwezi wa pili, 1955

Kwa Yaya Honorine Chola, Pweto

Mpendwa yaya yangu Honorine,

Salamu mingi toka kwa mudogo yako. Kwanza habari ya magoti: ile dawa ya bamasista ilikusaidia, ao bado unapanda kilima na fimbo? Na kikohozi ya shemeki ilipoa? Huku mvua inapiga kila siku, na najua ya kule haibaki nyuma. Nakuwaza pale ku chanja yako ya kukaushia samaki, unafukuza mainzi na kutukana mawingu.

Sisi tuko wazima. Delphine eko na nguvu, tumbo imekuwa kubwa, anatembea polepole na anakula udongo ya kichuguu akifikiri simuoni. Mi niko tu ku ile kazi ya atelye ya treni, kutia vioo ku madirisha ya mabehewa. Tunashukuru Mungu.

Barua yako ilifika na kamiyo, ile lori ya samaki. Niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa. Unaniandikia: pika bale samaki, pelekea mama mukwe sahani, omba musamaha, mambo iishe. Yaya, weye njo ulinikomalisha. Ulinibeba ku mugongo mama alipokufa, na tangu utoto sijakukatalia neno. Leo nakukatalia. Sitabapika. Lakini kaa chini nikuelezee, juu habari uliyosikia ku Pweto ilipita mu kinywa ya bashofere mingi, na kila mumoja aliongeza chumvi yake.

Mambo ilianza mwaka jana, mbele ya mvua kuanza. Kazi ilinituma kutengeneza dirisha ku nyumba ya Muzungu mumoja mu mji. Mu saloni yake niliona sanduku ya vioo imejaa maji, na ndani yake majiwe, kipande ya muti, majani mabichi, na samaki ndogo banapita katikati. Nilisahau nyundo mu mukono. Muzungu akaniona nasimama, akacheka, akasema: «Weye, samaki yako iko mu sahani, karibu na bukari, ile ugali yenu.» Hakusema kwa hasira, yaya. Alisema sawa muntu anayesema mvua inalowesha. Njo ile iliniuma. Nilimaliza dirisha yake, lakini mu roho nikasema: tutaona.

Fikiri weye mwenyewe. Nyumba tunamolala ni ya kazi. Kitanda ni ya kazi. Hata rangi ya mulango, kazi njo ilichagua. Nilitaka kitu moja mu ile nyumba yenye nimechagua mi mwenyewe, na yenye haiko ya tumbo.

Vioo nilipata ku ile yenye kukatika pembe, chefu, mukubwa wa kazi, alisema nibebe. Nikatengeneza chuma ya kuishika, nikaziba na mastiki, ile tunayozibia madirisha. Mara ya kwanza kutia maji, ikavuja yote, na mukeka ya Delphine ikalowa. Nikatoa mastiki, nikaanza tena.

Majiwe unajua. Ni ile nyeusi ya Pweto niliyokuomba, ya pale banamuke banafulia. Ulitia mu gunia ya samaki kavu bila kuniambia, na muuza-samaki wa huku akapiga kelele mbele ya soko yote kwamba bantu ya Pweto banaongeza uzito na majiwe. Mpaka leo ananiangalia na jicho mbaya.

Muti niliokota ku mto Kafubu, shina moja yenye mizizi imepindana. Nikaitia mu maji, ikaelea. Nikaifunga na jiwe, ikakata kamba na kuelea tena, sawa inanichekelea. Numbi, rafiki yangu wa atelye, akasema nipike mpaka ilewe maji. Basi nikaipika mu chungu kubwa ya Delphine, ile ya munkoyo, kinywaji ya mahindi na mizizi. Maji ikatoka nyekundu sawa chai. Muti ikazama, ndiyo, lakini munkoyo iliyofuata ilikuwa na ladha ya mto, na bageni bakauliza Delphine amebadilisha mizizi gani. Alikataa kunisemesha mpaka nimenunua chungu ingine.

Majani tulitoa ku kijito kimoja, njia ya Kinsevere, Numbi anabeba ku kinga, baiskeli yake, mimi namukimbilia nyuma na debe. Nikatia udongo chini, juu yake muchanga yenye nimeosha mpaka mikono ikakunjamana, nikapanda majani moja moja, ndefu nyuma, fupi mbele, na majiwe yako ikashika muti. Samaki ya kwanza balikufa sababu ya maji ya robine, ile ya bomba. Nikajifunza kuacha maji mu pipa mpaka harufu ya dawa itoke. Delphine njo alichota ile maji yote, ndoo kwa ndoo. Wiki mingi ilikuwa chafu sawa maji ya kulowekea mihogo, mi nakata tamaa, kisha asubuhi moja ikafunguka. Jua ilipoingia ku dirisha, majani ikaanza kutoa mapovu ndogo ndogo, inapanda juu kamba kwa kamba. Delphine alikaa pale na chai yake mpaka ikapoa. Samaki bale Numbi alibakamata ku Kafubu, ukubwa ya kiganja, na mumoja munene sana Delphine alimuita Chefu. Nilifurahi, yaya. Sina neno ingine.

Sasa tufike ku maharagi.

Mama mukwe alikuja toka Pweto kumuchukua Delphine, azalie kwao, sawa desturi ya mutoto wa kwanza. Kamiyo ilimushusha saa sita. Delphine akamukalisha mu saloni, mbele ya ile sanduku, na mi nikatoka nje. Unajua mambo yetu: mukwe na mama mukwe habasemezani uso kwa uso mpaka siku mama anamupikia ile chakula ya kumuingiza mu jamaa, na mi bado hajaniingiza. Kila neno yake inapita kwa Delphine kufika kwangu, na yangu vilevile kurudi kwake. Basi mama akaangalia bale samaki. Na mama ni muntu ya Pweto. Alifikiri nini? Alifikiri tulimuchungia samaki muzima mu maji, bafike ku chungu bado banaruka. Heshima ya ajabu. Akatoka nje, akaita majirani, akabaonyesha kwa kidole samaki gani atakula yeye. Alimuchagua Chefu.

Mi nilikuwa nimekwenda mbali, Delphine ku soko, hatukujua kitu. Kamiyo zingine zilinasa mu matope, soko haikuwa na samaki, na ile samaki kavu mama aliyoleta ilikuwa zawadi yake. Nani atamulisha mugeni zawadi yake siku ile ile? Delphine akapika maharagi na mafuta ya mawese, muzuri kabisa. Akatandika mbele ya mama. Na majirani bale bale bako ku dirisha banaangalia.

Mama hakugusa. Akaangalia sahani, akaangalia Chefu anapita pale ku kioo, akafunga kitambaa yake na kwenda kulala kwa ndugu yake Adalbert, kule Katuba. Kesho yake baba Adalbert akanifikia na maneno: nipike samaki yote, nibapeleke Katuba mimi mwenyewe mbele ya bantu. Nikikataa, Delphine anapanda kamiyo, anazaa Pweto, na harudi. Mutoto naye harudi.

Yaya, sikulala vizuri. Najua kile unafikiri: samaki na bibi, nani muzito? Nilijiuliza vile pia. Lakini sikia. Baba Adalbert alimaliza maneno yake hivi: «Samaki ya muntu mweusi iko mu sahani.» Ni maneno ya Muzungu, ilipungua bukari tu. Muzungu alicheka, huyu alikasirika, lakini maneno ni ile ile. Nikamujibu: «Baba, bibi yangu nitamulilia, na mutoto yangu nitamufuata Pweto na miguu. Lakini ile samaki hakuna muntu atakula, wala weye, wala mimi.» Akaniita kichwa nguvu. Nikamwambia aksanti.

Delphine hakulia. Alisema: «Mama akinipeleka nitaenda, ni mama yangu. Lakini asiniambie kupika. Ile maji nilichota mimi.» Akaanza kufunga vitu yake, na mi nilitoka kupasua kuni yenye hatukuhitaji.

Siku ya safari, mvua ilianguka mbaya. Mama alikuja kumuchukua, kamiyo ikachelewa. Delphine alikuwa amekwenda kuaga jirani, mvua ikamufungia kule. Mi nilikuwa mu nyumba, sina pa kukimbilia. Nikakaa upande moja ya sanduku, nikageuza uso ku ukuta. Mama akakaa upande ingine. Kati yetu maji. Muntu wa kubeba maneno hakuna, na mabati inapiga kelele juu ya vichwa.

Tulikaa vile mpaka shingo ikaniuma. Kisha nikasikia sauti yake, lakini haikuwa kwangu. Alisogea ku kioo, akasema: «Weye samaki. Muulize mwenye nyumba, alinilisha maharagi juu ya nini, na weye uko hapa unanenepa?»

Nikageuka kidogo. Nikamuona Chefu amesimama mbele ya muti, kinywa kinafunguka na kufunga. Nikasema: «Samaki, mwambie mama soko haikuwa na kitu. Mwambie weye hukuwekwa kwa kula. Hakuna muntu alimudharau.»

Akasema: «Samaki, mwambie mi sikulilia tumbo. Niliita bantu baone heshima ya binti yangu. Bakaona maharagi. Nilisikia haya mpaka mu mifupa.»

Yaya, ile iliniingia. Nikamwambia samaki: «Juu ya haya ile, mwambie mama naomba musamaha, na nitaomba mbele ya majirani bale bale. Juu ya samaki, siombi. Muzungu alisema samaki yangu iko mu sahani. Nikibapika, nimemupa haki kwa mukono yangu.»

 Akainamia kioo, pua inagusa. Akauliza samaki: «Na hii majiwe nyeusi?» Nikajibu: «Ya Pweto, pale banamuke banafulia. Yaya Honorine alituma.» Akasema polepole, hata sijui kama kwa samaki ao kwake mwenyewe, kwamba mama yake alimufundisha kufua juu ya majiwe ile.

Honi ya kamiyo ikalia. Delphine akaingia amelowa, na nyuma yake baba Adalbert, mwenye kubeba kikaango mu mukono na nyanya mu mufuko, sawa nilikuwa nimekubali. Akasema: «Dada, mumemaliza maneno? Nipike mi mwenyewe?»

Mama hakusimama. Akasema: «Adalbert, weka kikaango chini. Bale beko bashibukombe, bajumbe ya bukwe. Bamebeba maneno yangu na ya mukwe, kwenda na kurudi, bila kuongeza kitu, muzuri kuliko weye. Umeona wapi muntu anayebeba maneno ya bukwe anatiwa mu mafuta?»

Baba Adalbert alifungua kinywa, akafunga, sawa Chefu kabisa. Weye unajua bantu yetu: shibukombe unamupa kuku, unamupa kiti, unamuogopa hata akilewa. Kumupika, hapana. Delphine alicheka mpaka akashika tumbo. Mama akamwambia afungue vitu yake, atazalia hapa hapa, na yeye atangoja. Kamiyo ikaenda bila Delphine na mama.

Sasa kila jioni mama anavuta kiti yake mbele ya sanduku na kubaambia samaki makosa yangu yote: nakunywa chai na kelele, mulango inalia na mi ni fundi, natembea sawa muntu amepoteza kitu. Mi nakaa upande ingine, nasikia yote, najibu yenye nataka. Jumapili niliita majirani bale bale, nikaomba musamaha yangu mbele yao. Jana mama alituma samaki kuniuliza jioni tunakula nini. Nikasema sijui. Akasema, kwa nguvu Chefu asikie vizuri, kwamba anataka maharagi.

Basi, yaya. Uliniandikia nibapike, na mi nakujibu sawa mbele ya macho yako: hapana. Kama bado unataka vile, panda kamiyo, uje ukae upande ile ya kioo, ubaambie samaki wenyewe. Na ukija, leta tena majiwe, lakini safari hii usitie mu gunia ya samaki.

Salimia shemeki, mwambie aache tumbako. Salimia dada Mujinga na batoto yake, na kaka Kunda kama amerudi toka ku nyavu. Mungu akulinde, akukaushie samaki yako na akunyooshee magoti, mutoto huyu akukute unatembea bila fimbo.

Ni mimi mudogo yako mwenye kukupenda, na mwenye hapiki samaki yake,

Stanislas Kapya