Kichwa cha Ngeleja

Izia, Sumbawanga
14 Julai 1994

Kaka yangu mpendwa Alois,

Pokea salamu kutoka huku juu, ambako upepo wa Julai unatutoa machozi hata tukiwa ndani. Mimi na mwanangu Kristiana hatujambo, tunamshukuru Mungu. Shemeji yako Ngeleja mbavu bado zinamuuma, lakini anakula, na jana alikaa nje akiota jua mpaka adhuhuri. Sijui ninyi huko Kabwe mnaendeleaje. Wifi Jane mguu wake umepona? Nasikia dagaa mwaka huu ni wengi. Basi mtukumbuke na sisi, tusiishie kusikia habari zao tu.

Barua yako niliipata Jumatatu kwa mkono wa dereva wa lori la samaki. Nimeisoma mara tatu, na kila nikiisoma nakasirika upya. Unasema shemeji yako ameuzwa. Unasema aliyemuuza ni Yonas, yule aliyekaa kwenye kona yake miaka yote akimpa maji na kumfunga bendeji mikononi, na kwamba Jumamosi utapanda na vijana wanne kuja kumtia adabu. Kaka, wewe siku ya Sabasaba, siku ya pambano, hukuwapo ukumbini. Mimi nilikuwapo. Kaa chini unisikilize, maana hasira yangu ni kubwa kuliko yako.

Nianze na huyu Baltazari anayejiita mfadhili. Tangu serikali iruhusu kila mtu afanye biashara anayoiweza, alianza na baa, akaongeza ukumbi, akawa analeta bia za kreti kutoka Mbeya. Halafu akagundua kwamba bia zinakwisha haraka watu wakitazama wanaume wakipigana. Ngeleja alikuwa na ngumi zake za ridhaa, mapambano mawili matatu kwa mwaka, raundi tatu tatu. Baltazari akamtoa huko akamwingiza kwenye ngumi za kulipwa, raundi nane, karibu kila mwezi. Mji mzima ukashangilia. Wewe pia, kaka, usijitoe. Ulikuwa unapanda kutoka Kabwe kuja kupiga miluzi.

Nyote mliwaona wanaoanguka. Nani kati yenu alihesabu ngumi alizopigwa yeye? Ngeleja hakujifunza kukwepa hata siku moja. Alikubali kupigwa tatu ili arudishe moja, kwa sababu hiyo moja ilitosha. Ninyi mlimwona akiinuliwa mkono, mimi nilimwona akimimina chai pembeni ya kikombe. Siku moja aliniuliza mara mbili kama mama yake yu hai, na mama yake tulimzika pamoja kule Ilemba, yeye mwenyewe akishika jembe. Mwezi wa pili alitoka sokoni akaenda kwenye nyumba tuliyohama miaka mitatu iliyopita, akagombana na wapangaji akiwauliza mke wake wamempeleka wapi. Watu walicheka! Walifikiri bondia wao anatania.

Nilimpeleka kwa daktari. Daktari akasema mbele yangu kwamba kichwa hicho kikiendelea kupigwa, siku moja mtu huyu hatasimama tena, na wala haitahitaji ngumi kubwa. Baltazari aliposikia alisema madaktari hawajui ngumi, akamtafutia cheti kingine. Nikaenda kwa shemeji Masunga, kaka mkubwa wa Ngeleja, nikapiga magoti. Masunga akanijibu kwamba kumlilia mtu mzima ni kumtabiria kifo, niache uchuro. Padri akaniahidi sala. Ngeleja mwenyewe alicheka, akaninyanyua begani kama gunia la mahindi, akasema bado pambano moja tu, kisha Baltazari atampeleka kupigana Dar es Salaam. Moja tu, moja tu! Wimbo huo nilianza kuusikia kabla Kristiana hajazaliwa.

Sasa nikueleze pambano lenyewe, ili uache kusikiliza ya mabarazani. Fabiani wa Mwazye ni mpakia mizigo, mzito wa miguu, na uzito wa juu ameufikia kwa ugali tu. Walimleta ili apigwe. Lakini kila Ngeleja alipotaka kurusha ule mkono wa kulia, Fabiani alikuwa ameshaingia ndani yake, paji la uso kifuani, amemganda kama kupe. Alimsukuma, akamrudisha nyuma, akamfanya atembee, na Ngeleja hajazoea kutembea kwa kurudi nyuma. Alimpiga mbavuni na kwenye ini, tena na tena. Watu walimzomea, wakampigia kelele ampige kichwani, wakamwita mjinga. Hakupiga kichwani hata mara moja. Raundi ya tano ngumi za Ngeleja zikawa zinapita hewani. Ya sita akapiga goti, pumzi hana, refa akahesabu mpaka kumi.

Chupa zikarushwa. Kesho yake mji ukaamua kwamba mtu ametoa siri ya ngumi zake, na kwa kuwa Yonas alionekana akisalimiana na Fabiani, basi ni Yonas. Dirisha lake limevunjwa. Mke wake sokoni hauziwi hata chumvi. Yonas, ambaye mwaka jana aliwahi kurusha taulo ulingoni ili Ngeleja asipigwe zaidi, akatukanwa mbele ya watu! Na Baltazari, aliyekuwa akimwita Ngeleja mwanangu, hajafika kwetu hata kusema pole. Safari ya Dar es Salaam amempa mwingine.

Kaka, Yonas hakumuuza mtu. Siri niliitoa mimi.

Unakumbuka mwezi wa tano nilikwenda Mwazye, nikawaaga watu huku kwamba shangazi Bertha anaumwa. Shangazi alikuwa mzima. Nilimfuata Fabiani nyumbani kwao, nikamkuta na mama yake wanapura ulezi. Nikamwambia nimekuja kumfundisha namna ya kumshinda mume wangu. Alinitazama kama nimerukwa na akili, kisha akaona haya kufundishwa ngumi na mwanamke. Nikaokota fimbo, nikamwambia asimame mbele yangu tupure.

Wewe umekulia hapa, unajua tunavyopura. Watu wawili wanatazamana, fimbo yako inapanda ya mwenzako ikishuka, na usipojua mwenzako anashusha lini, utapasuliwa. Misimu sita nimesimama mbele ya Ngeleja. Kabla hajashusha, kisigino chake cha kushoto kinanyanyuka kidogo, na pumzi anaizuia. Ulingoni ni vilevile. Nikamwonyesha Fabiani, tukapura hadi akakijua kisigino kile kama ninavyokijua mimi. Nikamwambia akinyanyua tu, ingia ndani, usirudi nyuma, nyuma ndiko wanakofia wote. Mlalie. Mtembeze. Mbavu, siyo uso. Akauliza atamshindaje mtu bila kumgusa kichwa. Nikamwambia kichwa ni changu, na nikamwapisha mbele ya mama yake. Ameshika kiapo chake kuliko watu wote mjini humu walioapa kumpenda Ngeleja.

Nilijua Baltazari hana haja na bondia aliyeshindwa. Ushindi ndio uliokuwa unamuua Ngeleja, basi nikamwondolea ushindi. Usiku ule alilia, kaka. Miaka yote sijamwona akilia. Naona aibu, nakuambia kweli, na hata hivyo ningeambiwa nirudie, ningechukua fimbo tena.

Kwa hiyo vijana wako waache watengeneze nyavu. Ukija, njoo peke yako, uje Jumapili. Baada ya misa nitawaita Yonas na Masunga hapa nyumbani, na nitamwambia Ngeleja kwa mdomo wangu, wao wakisikia. Sitaki mtu mwingine apigwe kwa ajili ya jambo nililolifanya mimi.

Msalimie sana wifi Jane na watoto wote, na Kristiana anasema mjomba amletee samaki mwenye macho. Mwambie wifi aniwekee nafasi ya kulala, maana sijui Jumapili jioni nitakuwa wapi. Ngeleja akinifukuza nitashuka kwenu na mtoto mgongoni, na mtu yeyote asinipe pole njiani, kwani nitakuwa nimefukuzwa na mume aliye hai.

Ni mimi mdogo wako,
Silvana